Mkanda mweusi mbele ya mtu anayekataa

Jumamosi moja asubuhi, katika ukumbi mmoja wa kijamii hapa Kisumu, kijana wa mkanda wa kahawia alivaa glavu kwa mara ya kwanza maishani. Ukumbi huo hutumiwa kwa zamu. Watu wa karate huingia saa moja, huvua viatu mlangoni na kupanga safu. Ikifika saa tatu huja mabondia na gunia lao la mchanga, hulitundika kwenye boriti, na viatu hawavui. Siku hiyo bondia mmoja alikosa mwenzake wa kupimana naye. Akamwona kijana wetu akikunja sare yake nyeupe, akamwambia, "Omera, nisaidie raundi mbili tu, polepole."

Hakuwa na nia mbaya. Kijana naye si mwoga. Ana miaka sita ya mazoezi, na teke lake la duara linaweza kugusa kofia kichwani mwa mtu lisiiangushe. Sekunde za kwanza nilidhani mambo yatamwendea vizuri. Alipiga konde moja refu, lililonyooka, lenye kasi ambayo bondia hakuitarajia, likamfikia kwenye paji la uso. Kisha akasimama. Akaurudisha mkono nyongani, kifua mbele, akatulia kama mtu anayengoja refa ainue bendera. Bondia hakuwa na habari za bendera. Makonde matatu yakaingia katika kituo hicho kifupi, na la tatu likatoa damu puani.

Baadaye kijana aliketi kwenye benchi, tishu imejaa pua moja, akaniuliza, "Mzee, sasa miaka sita yote hiyo ilikuwa ya nini?"

Mimi niliwahi kuvaa sare hiyo hiyo nikiwa Nakuru, nikaishia mkanda wa kahawia kama yeye, na siku hizi hufika ukumbini kunyoosha magoti tu. Nilimwambia ainue kichwa, avute pumzi kwa mdomo. Jibu lenyewe sikuwa nalo pale, na nimekuwa nikilitafuta tangu siku hiyo.

Swali lake lina kambi mbili huku kwetu. Kambi ya kwanza ililelewa na vibanda vya video: Bruce Lee kifua wazi, watawa wenye vipara wa Shaolin, na baadaye sauti ya DJ Afro, msimulizi wa filamu kwa Kiswahili, ikitueleza nani anamfuata nani na kwa nini atajuta. Kwa kambi hiyo, sanaa za kale za Asia zina siri ambazo mtu wa ulingoni hawezi kuzijua. Kambi ya pili imekulia kwenye simu. Imetazama mapambano ya UFC, ligi ya Marekani ya kupigana kizimbani kwa mitindo mchanganyiko, imemwona mzee wa kung fu akiangushwa na mtu wa kawaida, nayo imefunga kesi: karate ni densi ya watu waliovua viatu. Nikilazimishwa kuchagua, nitakaa karibu na kambi ya pili. Ila siwezi kukaa nayo mpaka mwisho, na sababu zangu ndizo hizi.

Ushahidi wa kambi hiyo ni mzito, tusiufiche. Tarehe 12 Novemba 1993, mjini Denver, Marekani, ilifanyika UFC ya kwanza. Waliingia wanaume wanane wa mitindo mbalimbali, bila kugawanywa kwa uzito. Makatazo yalikuwa machache mno: usimng'ate mwenzako, usimchokoe macho. Aliyeshinda ni Royce Gracie wa Brazil, mwembamba wa kilo 80 hivi, aliyewamaliza watu watatu usiku mmoja. Hakumzimisha yeyote kwa konde. Aliwakumbatia, akawabwaga, akawamalizia huko chini. Bondia Art Jimmerson, aliyeingia na glavu mkono mmoja tu, alisalimu amri mara alipokaliwa juu, hata kabla hajakabwa.

Lakini kuna jambo la usiku ule ambalo watu hulisahau. Pambano la kwanza kabisa lilimalizwa na teke. Gerard Gordeau, Mholanzi mwenye karate ya Kyokushin na savate, ndondi ya mateke ya Kifaransa, alimpiga usoni Teila Tuli, mtu wa sumo, jino likaruka, na kazi ikaisha ndani ya nusu dakika. Huyo Gordeau alifika fainali. Kilichomshinda ni kwamba Gracie hakukubali kusimama pale ambapo teke lina faida. Alimsogelea hadi mguu ukakosa nafasi ya kufyatuka, na kuanzia hapo Gordeau akawa mgeni.

Wajaluo wa uwanda wa Kano husimulia habari za Lwanda Magere, shujaa ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na mikuki ya maadui ikimgonga inateleza. Aliwashinda Walang'o, maadui wa jirani, mpaka walipomwoza binti yao, naye akagundua kwamba uhai wa mumewe umo kivulini. Ukichoma kivuli, jiwe linatoa damu. Nikitazama usiku ule wa Denver naona kila mtindo ukiingia na jiwe lake na kivuli chake. Karate ilikuwa jiwe ukiwa umbali wa hatua mbili, na kivuli chake kilikuwa sakafuni.

Watetezi wa sanaa za kale wana jibu lao, na nimelisikia tangu nikiwa mtoto: mbinu zetu halisi zimepigwa marufuku. Vidole machoni, mkono wa panga kooni, teke la kinena. Kwamba mchezo ni mchezo, nasi tunafundisha vita. Hoja hii ina ukweli kidogo. Kanuni huamua sana nani anashinda, nami nitalirudia hilo. Ila kwa Denver haitoshi, maana huko makatazo yalikuwa mawili matatu na bado wapigaji waliishia mgongoni. Mtu aliyekubwaga na kukukalia kifuani naye ana vidole na macho yako yako karibu naye kuliko yake yalivyo kwako.

Kuna kisa kimoja cha kuchekesha hapa. Kanuni za pamoja za MMA, yaani mapigano hayo ya mitindo mchanganyiko, zilipokuwa zikiandikwa, kiwiko kinachoshuka wima, kutoka juu kwenda chini, kilipigwa marufuku. Refa John McCarthy amesimulia kwamba baadhi ya waliokuwa wakiamua walikuwa wamewaona watu wa karate kwenye televisheni wakivunja vitofali na vipande vya barafu kwa kiwiko cha namna hiyo, wakaogopa mtu atauawa. Marufuku hayo yalidumu hadi 2024. Jon Jones, bingwa wa zamani wa UFC ambaye hakuna aliyewahi kumshinda kweli ulingoni, ana kushindwa kumoja kwenye rekodi yake, mwaka 2009 dhidi ya Matt Hamill, kwa sababu ya kiwiko hicho. Maonyesho ya kuvunja tofali yalifaulu kuliko yalivyotarajiwa: yaliwatisha waandishi wa sheria.

Jibu bora kuhusu mbinu za hatari lilitolewa zamani, mwaka 1882, na Mjapani Jigoro Kano. (Kano hili halihusiani na Kano yetu ya Ahero na mashamba ya mpunga, ingawa nilipokuwa mdogo niliamini linahusiana.) Alikuwa kijana aliyesoma jujutsu, sanaa ya kale iliyojaa kuvunja viungo na kupiga sehemu nyeti. Mbinu za aina hiyo huwezi kuzifanyia mazoezi kwa dhati, kwa sababu mwezi utaisha na wanafunzi watakuwa wameisha pia. Hivyo watu walizifanya kwa kuigiza: wewe nishike hivi, mimi nikuzungushe hivi, nawe uanguke kwa hisani. Kano aliziondoa mbinu za hatari kwenye mapambano ya mazoezi, akabakiza kubwaga, kukaba na kubana viungo. Halafu akawaachia wanafunzi wake wabwagane kwa nguvu zote, kila siku, na kila mmoja akatae kuanguka. Akaiita judo.

Kwa jicho la haraka utasema aliinyoa makali. Mwanafunzi wa jujutsu alijua mbinu mia za kuua, na wa judo alijua ishirini za kubwaga. Lakini zile ishirini amewahi kuzifanya mara elfu kwa mtu anayekataa, anayevuta, anayetoa jasho na anayebuni hila za kujinasua. Zile mia hajawahi kuzifanya hata mara moja kwa mtu asiyekubali. Hapa ndipo nilipoanza kumwelewa kijana wangu na pua yake. Miaka sita amepiga hewa vizuri, na wenzake wamempokea kwa adabu.

Mbegu ya Kano ilisafiri. Mwanafunzi mmoja wa shule yake, Mitsuyo Maeda, alikwenda Brazil akamfundisha kijana wa Belém aitwaye Carlos Gracie. Kutoka hapo ikazaliwa jujitsu ya Kibrazil. Mwaka 1951 mjini Rio de Janeiro, Masahiko Kimura wa judo alipambana na Hélio Gracie, nduguye Carlos, akaukunja mkono wa Hélio hadi wasaidizi wa Hélio wakasimamisha pambano. Mkunjo ule hadi leo, Kisumu hata Moscow, unaitwa Kimura. Na Royce wa Denver ni mtoto wa Hélio. Kwa hiyo yule mwembamba ambaye kambi ya pili humtumia kuzika sanaa za kale alikuwa mjukuu wa sanaa hizo hizo.

Tukio la pili ambalo kambi hiyo hulitaja ni la China, mwaka 2017. Xu Xiaodong, mwalimu wa MMA ambaye hata hakuwa nyota, alikutana na Wei Lei, mwalimu wa tai chi, mjini Chengdu. Pambano halikufika nusu dakika. Wei Lei alianza mikono ikiwa wazi na kupindwa kwa madaha, Xu akamrukia, akamwangusha, akampiga chini. Video ile ilizunguka dunia, na ghadhabu iliyozuka China ilimgeukia mshindi. Mimi simcheki Wei Lei. Ninachokiona usoni mwake ni mshangao wa mtu ambaye wanafunzi wake wamekuwa wakimwangukia kwa heshima kwa miaka mingi, naye akaamini anawaangusha.

Sasa upande wa pili, ambao pia una mifupa.

Lyoto Machida alifundishwa karate ya Shotokan na baba yake, Yoshizo, huko Brazil. Tarehe 23 Mei 2009 alimzimisha Rashad Evans akatwaa ubingwa wa UFC. Mwaka 2011 mjini Toronto alimmaliza Randy Couture kwa teke la mbele la kuruka, lile lile ambalo watoto wa ukumbini kwetu huona ni la maonyesho. Anthony Pettis, aliyetoka kwenye taekwondo, mwezi Desemba 2010 alikanyaga ukuta wa kizimba, akajirusha kutoka hapo na kumpiga Ben Henderson usoni kwa mguu ule ule alioukanyagia. Miaka mitatu baadaye akawa bingwa wa UFC. Ronda Rousey alitoka na shaba ya judo ya Beijing 2008 akatawala wanawake wa UFC kwa kukunja mikono. Kayla Harrison ana dhahabu mbili za judo za Olimpiki, 2012 na 2016, na mwezi Juni 2025 akachukua mkanda wa UFC. Hata K-1, ligi kubwa ya kikboksi ya Japani, ilianzishwa mwaka 1993 na mtu wa karate, Kazuyoshi Ishii, na Andy Hug wa Kyokushin alitwaa taji lake mwaka 1996.

Ukiwasikiliza watetezi, orodha hii inatosha. Mimi naiona ikisema mambo mawili tofauti kwa sauti moja. Watu wa judo waliingia kizimbani na msingi wao wenyewe. Walichofanya kwenye zulia ndicho walichofanya kule, kwa kuwa Kano alishawazoesha kukataliwa. Watu wa mapigo ni habari nyingine. Machida ana mkanda mweusi wa jujitsu ya Kibrazil na amecheza sumo. Hakuwa mwanakarate mtupu hata siku moja. Ukimtoa ujuzi wa kukaa wima na kuamka akibwagwa, teke lile la Toronto lisingepata nafasi. Pettis alipokutana na Rafael dos Anjos mwaka 2015, mtu aliyemsogelea na kumbana ukutani raundi zote tano, miguu yake ya ajabu ilikosa hata nusu mita ya kupumua, na mkanda ukaondoka.

Kwa nini basi teke la karate linamshinda bingwa? Nililiona jibu nikiwa nimeshika pedi. Bondia aliyefunzwa vizuri husoma mabega. Konde haliwezi kutoka bila bega kusema kwanza. Mtu wa karate anayejua kazi yake huinua goti moja kwa namna moja kwa mateke matatu: la mbele, la duara na la pembeni. Goti likiwa juu hujui linakuja lipi, na likifunguka umechelewa. Tena Machida alisimama mbali kuliko walivyozoea, akaingia kwa mruko mmoja, akapiga, akatoka. Mpinzani aliyejiandaa wiki nane alikosa mtu wa kumwigizia mchezo huo kambini, kwa kuwa hakuna aliyeujua. Uchache wa mbinu ndio unaoifanya ghali. Siku kila mtu atakapokuwa Machida, faida hiyo itaisha. Nayo ilianza kuisha mapema: Mauricio Rua alimzimisha mwezi Mei 2010, walipokutana kwa mara ya pili, akiwa ameshausoma ule umbali.

Nilisema nitarudi kwenye kanuni. Tarehe 7 Agosti 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, ilichezwa fainali ya karate ya wanaume wazito. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa akiongoza 4-1, akampiga Sajad Ganjzadeh wa Iran teke la kichwa. Ganjzadeh alianguka kama gunia la mahindi linaloshushwa soko la Kibuye, akatolewa kwa machela. Waamuzi wakajadiliana, wakamwondoa Hamedi kwa kupiga bila kujizuia, na dhahabu ikaenda kwa aliyekuwa amezimia.

Wenzangu wengi walicheka. Mimi nilimfikiria kijana wetu na mkono wake nyongani. Mchezo unaompa tuzo anayesimamisha ngumi sentimita moja kabla ya ngozi utazalisha watu wanaosimamisha ngumi, na watakuwa hodari sana wa kufanya hivyo. Mcheza kwao hutunzwa. Taekwondo nayo imepinda kwa namna yake. Tangu Olimpiki ya London 2012, vikinga kifua vya elektroniki ndivyo vinavyohesabu mapigo ya mwilini. Teke la kifua ni pointi 2, la kichwa 3, la kuzunguka linaongezwa. Basi wachezaji wakajifunza kuinua mguu wa mbele na kuuchezesha hewani kama upanga, wakigusagusa kikinga. Ni kazi ngumu, simdharau hata mmoja wao. Faith Ogallo, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii kule Bungoma, alifika Tokyo katika uzani wa zaidi ya kilo 67, na kufika huko ukitokea Bungoma kunataka moyo ambao wengi tunaobishana hatunao. Nasema tu kwamba mguu wa kugusa kikinga na mguu wa kumsimamisha mtu anayekuja kukubwaga ni miguu miwili.

Hapo inafaa nizungumzie Nakuru, maana ndiko nilikojifunza somo hili bila kulitambua. Nakuru ni mji wa ndondi. Philip Waruinge wa Nakuru alileta shaba kutoka Mexico 1968, pamoja na kombe la Val Barker la bondia mwenye ufundi kuliko wote wa mashindano, jambo lisilo la kawaida kwa aliyemaliza na shaba. Akaongeza fedha Munich 1972. Halafu akaenda wapi kutafuta riziki kama bondia wa kulipwa? Japani, nchi ya karate na judo. Huko alipigana kwa jina la Waruinge Nakayama, na mwaka 1976 akapigania ubingwa wa dunia wa WBC dhidi ya Rigoberto Riasco, akashindwa. Sisi vijana tulikuwa tukihesabu kwa Kijapani ukumbini, ichi, ni, san, tukijiona tumeishika siri ya Wajapani, huku Wajapani wakikata tiketi kumtazama mtu wa mtaani kwetu akirusha konde la kushoto.

Katika ukumbi wetu wa zamani, ukuta mmoja tu ulitutenganisha na mabondia. Wao walipigana kila siku. Sisi tulipigana mara moja kwa mwezi, kwa pointi, na muda mwingi uliobaki tulifanya kata, ule mfululizo wa mapigo dhidi ya adui asiyekuwepo. Adui huyo ni mstaarabu sana. Hushambulia anapopangiwa, hufa anapopangiwa, na hajawahi kurudisha konde. Kila miezi michache kulikuwa na mtihani wa mkanda, na mtihani una ada. Sijawahi kumwona mtu aliyelipa ada akashindwa. Hilo nalisema kwa uchungu kidogo, kwani mkanda wangu wa kahawia uliotundikwa nyumbani ni mmoja wapo.

Na kuna sanaa ya kale ambayo kambi zote mbili huisahau, kwa kuwa haina mkanda wala jina la Kijapani. Wachungaji wa kando ya ziwa na wa milima ya Bukusu wamekuwa wakibwagana tangu enzi na enzi. Wajaluo huita olengo. Babu zetu walishikana viunoni malishoni, ng'ombe wakitazama, na aliyegusa mgongo chini alichekwa mpaka jioni. Hapakuwa na kuigiza, maana hakuna kijana anayekubali kuangushwa mbele ya wenzake kwa hisani. Kwa kipimo cha Kano, mchezo huo ulikuwa na kila kinachotakiwa. Senegal wana wa kwao, laamb, nao hawakuuacha malishoni. Wameujengea viwanja na wanaulipa. Mwezi Novemba 2024 Oumar Kane, mtu wa laamb wanayemwita Reug Reug, alimshinda Mrusi Anatoly Malykhin, ambaye hakuwa amewahi kushindwa, akatwaa ubingwa wa uzito wa juu wa ONE, ligi kubwa ya MMA ya Asia. Naye pia alilazimika kujifunza mengine juu ya laamb. Lakini msingi aliutoa mchangani kwao. Sisi huku tunalipa ada kuagiza msingi kutoka ng'ambo.

Yote haya yanapima jambo moja: nani anamshinda nani. Mama yake yule kijana alikuwa na kipimo kingine. Alifika ukumbini Jumamosi iliyofuata, akanisalimia, akataka kujua mwanawe amepigwa na nani na kwa ruhusa ya nani. Nikamweleza. Akasikiliza, kisha akasema, "Baba, mimi nilimleta karate ili asipigwe kichwani. Angetaka kupigwa kichwani angebaki mtaani." Sikuwa na la kumjibu, na bado sina. Robert Wangila, aliyetuletea dhahabu ya Seoul 1988, alifariki mwaka 1994 baada ya pambano huko Las Vegas. Kila pambano la kukataa kwa dhati lina bei, na bei hiyo hulipwa na ubongo. Mtoto wa miaka kumi anayefanya kata, anayejua kuinama, kunyamaza na kuja kwa wakati, hajapoteza kitu. Ila asiambiwe kwamba anajua kupigana. Ugomvi wangu na walimu wengi wa karate uko hapo tu. Wanauza nidhamu, ambayo wanayo, kwa lebo ya vita, ambavyo hawavifundishi.

Judo imelitatua hilo kwa sehemu: unaweza kumkataa mwenzako kwa nguvu zote bila kumgusa kichwa. Ningekuwa na mtoto wa umri huo na pangekuwa na zulia la judo karibu, ningempeleka huko. Karibu na kwetu kuna sakafu ya saruji.

Kijana hakuacha karate. Hakuacha ukumbi pia. Aliomba ruhusa kwa mamake, wakakubaliana avae kofia ya mazoezi na asiguswe kichwani, na kila Jumamosi saa tatu ikifika hubaki. Miezi minne sasa. Mkono umetoka nyongani, kidevu kimeshuka, na anapopiga hasimami tena kungoja bendera. Wiki iliyopita bondia yule yule alikuwa akimsukuma kuelekea ukutani, makonde ya tumbo moja baada ya lingine, ndipo goti la kijana likapanda. Bondia akashusha mikono kukinga kifua. Mguu ukafunguka kwa pembeni, ukapita juu ya kiwiko, ukatua begani, taratibu, kama anavyoigusa ile kofia.

Bondia alirudi nyuma hatua mbili, akautazama ule mguu, akatoa kikinga meno mdomoni.

"Omera, rudia hiyo. Polepole, nione inakotokea."